Mkono wa Subilaga

Saa mbili asubuhi, na mlima Rungwe haupo.
Zipo nyasi zilizoloa, yapo magoli mawili ya wavulana, hayana nyavu,
lipo kreti la soda nililoazima dukani kwa mama Ipyana.
Hapo nakaa, magoti nje, glovu mkono wa kulia,
nangoja kupigwa.

Wamekuja wanne. Wiki jana walikuwa sita;
wawili wameitwa kwenye chai.
Sisikitiki sana, nisiseme uongo.
Darasani nina sabini na wawili
na nyuso nyingine bado sijazipatia majina.
Hapa, kila kiwiko nakifahamu.

Cha kukanyagia ni kipande cha mbao ya mlingoti.
Shabaha ni mfuniko wa ndoo ya rangi.
Mpira ni mmoja, wa njano, haukauki Tukuyu hii;
tunaubana kwapani kwa zamu, kama kipimajoto.

"Si jiwe la kufukuzia nyani," nasema. "Rusha toka chini.
Mkono uzunguke wote, ushuke, upite pajani,
uachie pale pale unapofutia unga wa ugali."
Jumamosi ya kwanza nilizungusha ndoo ya maji juu ya kichwa changu,
halikumwagika tone. Tusekile akajaribu.
Tulimvika sweta langu, akajifunzia humo,
mikono ya sweta ikirusha kabla ya mikono yake.

Atuganile ana nguvu zisizo na anwani:
mpira unapita juu yangu, unaingia migombani,
mbwa wa watu anabweka, tunasubiri.
Lugano anataka kasi tu. Kiuno, Lugano. Kiuno kwanza.
Tusekile anahesabu kwa sauti, moja, mbili, achia,
na akisahau kuhesabu, ndipo anapatia.

Na Subilaga.
Jumamosi tatu mpira wake unafia njiani,
unadondoka kama parachichi lililochoka na mti.
Nikausogeza mfuniko karibu. Nikausogeza tena. Akaona, akanuna.
Leo ndipo nami nikaona:
anauokota kwa kushoto,
anauhamishia kulia,
kisha anaanza kushindwa.

"Nani kakwambia uhamishe?"
"Bibi." Anachora chini kwa kidole cha mguu.
"Kushoto hakumpi mtu kitu."

Najua. Mwiko wa mama bado naukumbuka vifundoni,
siku nilipompa mchungaji kikombe kwa mkono huo huo.
Na sitaki kugombana na bibi wa mtu,
tena tunakaa naye benchi moja kanisani.
Nikafikiri, kreti likinichoma mapaja.
Nikasema: "Sawa. Bibi hajakosea.
Ila huu mpira humpi mtu, Subilaga.
Yule mwenye rungu anautaka. Wewe unamnyima."

Akakaa kimya. Lugano akacheka, nikamkata jicho.
Subilaga akapangusa kiganja cha kushoto kwenye sketi,
mbele, nyuma,
akapanda kibao.

Sikuuona ukija.
Niliusikia, pah, ndani ya glovu,
na mbwa wa migombani akanyamaza.

"Tena," nikasema, sauti imenikwama.
Tena. Wa tatu ukaenda kwa mbwa.
Wa nne ukapiga kreti katikati ya miguu yangu,
Atuganile akajilaza kwenye matope kwa kucheka.
Wa tano, mfuniko. Wa sita, mfuniko.
Mvua ikaingia uwanjani kama mtu mwenye funguo.

Saa nne tukafunga. Mlima ulikuwa bado hajaripoti.

Subilaga akanirudishia mpira
kwa mkono wa kulia, goti limeinama kidogo.
"Ndaga, ticha."
Kiganja changu kinawaka, siwezi kukikunja.
Jumatatu nitashika chaki kwa ule mwingine.
Tuone.